Kamba Moja, Wajinga Wawili

Sungura anamwendea ndovu nyikani na kumwambia: mimi naweza kukuvuta hadi mtoni. Ndovu anacheka. Sungura anampa ncha ya kamba, anamwambia angoje ishara, kisha anateremka ukingoni na kumwambia kiboko: mimi naweza kukuvuta hadi nchi kavu. Kiboko naye anacheka, naye anapewa ncha ya pili. Katikati pana kichaka kizito. Ishara inapotolewa, wakubwa hao wawili wanavutana kutwa nzima, kila mmoja akistaajabu nguvu za mnyama mdogo vile, na sungura amekaa kichakani hana hata tone la jasho.

Hadithi hii inasimuliwa pembe nyingi za Afrika, kwingine kobe akishika nafasi ya sungura. Lakini ni mahali pachache inapokaa vizuri kama kwenye delta ya Mto Tana, toka Garsen kuteremka hadi Kipini, mto unapoingia baharini. Huku kiboko si mnyama wa hadithini. Mkulima wa Kipokomo mwenye shamba la mpunga ukingoni anamjua kwa hasara anazomtia. Mfugaji wa Kiorma anayeteremsha ng'ombe kunywa maji anajua ni wapi pa kuchunga jioni. Msimulizi hana haja ya kueleza ukingo ulivyo wala kichaka kinavyoficha. Anaingia moja kwa moja kwenye hila.

Wahenga wamesema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hila hii imeelea karne na karne, na inafaa itazamwe kwa utulivu, kipande baada ya kipande. Kwanza, sungura hakuomba kitu. Alitoa: aliwapa ndovu na kiboko nafasi ya kumtia adabu mdogo mwenye majivuno, na kila mmoja akaishika kamba kwa kiburi chake mwenyewe. Pili, uongo wenyewe ni mfupi. Ni mazungumzo mawili tu. Kazi iliyobaki yote inafanywa na nguvu za wanaodanganywa. Tatu, kichaka. Wadanganywa hawaonani, na maadamu hawaonani hila inaishi. Nne, sisi tunaosikiliza tunaziona ncha zote mbili za kamba tangu mwanzo. Likikosekana hili la nne, kicheko hakiji. Panabaki fumbo la kufumbua.

Vipande hivi vinne ndivyo walivyovishika mabingwa wa vichekesho vya jukwaa la Uingereza, William Shakespeare na Ben Jonson, zaidi ya miaka 400 iliyopita, walipounda michezo yao ya walaghai na waliwa. Hawakuvichukua kwetu, wala sisi hatukuvichukua kwao. Anayewachekesha watu kwa hila, popote alipo, hatimaye huvifikia. Tofauti huja katika namna ya kuviunganisha, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Shakespeare alitumia barua badala ya kamba. Katika mchezo wake uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1602, ambao kwa Kiswahili umeigizwa kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa, Sir John Falstaff ni mtu wa cheo aliyeishiwa. Ni mzee, mnene, mpenda pombe, na fedha zimemkauka kwenye nyumba ya wageni anakokaa. Anawatupia jicho wanawake wawili wa mji, Bi Ford na Bi Page. Wanamvutia hasa kwa kuwa amesikia kila mmoja ndiye anayeshika mfuko wa mali ya mumewe. Anawaandikia barua za mapenzi. Barua ni moja. Alichobadilisha ni jina.

Mpaka hapo tuko na sungura: waliwa wawili, uongo mmoja. Kisha Shakespeare anafanya jambo ambalo msimulizi wa sungura halifanyi. Anakiondoa kichaka. Bi Page anaisoma barua yake peke yake, akighadhibika na kushangaa kwa zamu. Bi Ford anaingia na yake mkononi. Wanawake hawa ni majirani na mashoga, kila mmoja anamwamini mwenziwe. Wanazilinganisha barua neno kwa neno. Kufumba na kufumbua, mlaghai amekwisha, naye hajui.

Mwandishi mwenye pupa angeuchelewesha ugunduzi huu hadi mwisho ili awashtue watazamaji. Shakespeare anautoa mapema, katika sehemu ya pili kati ya tano, kwa kuwa anajua utamu wa mchezo wa hila haumo katika kushtukizwa. Umo katika kungoja. Mtazamaji anayejua litakalotokea hukaa akilisubiri kwa mwili mzima, na kila neno la Falstaff la kujigamba, ambalo lingekuwa porojo tupu, linageuka kuwa hatua nyingine ya kuelekea shimoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kazi ya mwandishi ni kutuonyesha kisima kabla mchimbaji hajakifikia.

Shimo la kwanza ni kapu kubwa la nguo chafu. Tazama lilivyoandaliwa. Kabla Falstaff hajaingia nyumbani kwa Bi Ford, watumishi wanaitwa mbele yetu na kupewa maagizo: mkiitwa, libebeni kapu hili bila kusita, mpeleke mnakofulia nguo, mkalimwage kwenye mtaro wa matope kando ya Mto Thames. Hatuambiwi kwa nini. Tunaliona kapu limekaa pale, na sote tunajua unene wa Sir John. Kicheko kimekwisha wekwa akiba.

Wanawake wamepanga pia kitisho cha uongo. Bi Page ataingia mbio akipiga kelele kwamba Bwana Ford anakuja na watu. Anaingia, anapiga kelele, Falstaff anatumbukia kapuni na kufunikwa nguo za jasho. Kisha uongo wao unageuka kweli: Ford anakuja hasa, amejaa wivu, ameleta watu wapekue nyumba. Kapu linampita mlangoni. Kwa kitu kimoja wametiwa adabu watu wawili, mzinzi aliyemo ndani na mume mwenye wivu aliyesimama nje, na Bi Ford mwenyewe anakiri hajui lipi linalomfurahisha zaidi. Uchumi wa namna hii, kitu kimoja kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ndio unaomtenganisha fundi na mtu mwenye vituko vingi.

Na huyu Ford ana hila yake. Amejibadilisha sura, amejiita Brook, akamwendea Falstaff na mfuko wa fedha kumwomba amtongozee mke wa Ford. Mume anamlipa mwizi aje aibe kwake. Falstaff anapokea fedha, anamhakikishia Brook kuwa kazi imekwisha anza, miadi ipo, kisha anamtukana Ford mbele ya Ford. Kwa mwigizaji, hiki ni kipimo kigumu. Maneno yote ni ya Falstaff; yeye anayesikiliza hana ruhusa ya kulipuka, kwa sababu akilipuka atajifichua. Lazima aungue huku anatabasamu. Mwandishi amempa mwigizaji kimya, na katika kimya hicho watazamaji wanacheka kuliko katika maneno.

Kinachonishangaza zaidi ni mwaliko wa pili. Kumnasa mtu mara moja si kazi kubwa. Kumrudisha mtegoni, na watazamaji wakaamini kwamba kweli angerudi, kunahitaji mkono wa bingwa. Wasimulizi wa pwani yetu wanaijua kazi hii. Katika mkusanyo wa hadithi za Zanzibar uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 imo ile ya punda wa dobi, ambayo kima anamsimulia papa akiwa juu ya mkuyu, baada ya kunusurika kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha nyumbani. Punda ameponea chupuchupu kwa simba, akakimbia. Sungura anamfuata, anambembeleza, anamrudisha kwa simba yule yule, na safari hii hatoki. Sungura anaula moyo na masikio ya punda kwa siri. Anapoulizwa viko wapi, anajibu kwamba punda huyu hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Mikuyu ipo kando ya Tana, na kima wamo ndani yake wakila matunda. Anayeisikia hadithi huko Ngao au Wema anaweza kuinua macho akauona mti wenyewe.

Falstaff anarudi kama punda alivyorudi, na Shakespeare anaona wajibu wa kutupa sababu. Falstaff ametoka mtoni amelowa, anatetemeka, amechukia. Mjumbe anakuja na maneno laini: bibi analia, amewakaripia watumishi, wamekosea. Sababu ni dhaifu, lakini haitakiwi kuwa na nguvu; inatakiwa iwe ile anayotaka kuisikia. Kisha anakuja Brook na fedha yake. Sasa kuna tamaa mbili, ya mapenzi na ya mfuko, na hasira ya kulowa haiwezi kuzishinda zote.

Mara ya pili hila haijirudii ilivyokuwa. Falstaff amemsimulia Brook habari yote ya kapu, hatua kwa hatua, bila kujua anamsimulia mume. Basi Ford anarudi nyumbani akijua pa kupekua. Anaona kapu linatoka, analisimamisha, anazitupa nguo moja baada ya nyingine sakafuni mbele ya majirani wake, na chini hakuna mtu. Falstaff alikataa kuingia kapuni tena. Amevalishwa nguo za kike, amefanywa kikongwe ambaye Ford anamwona mchawi na alikwisha mpiga marufuku nyumbani kwake, na anapita mbele ya Ford akila mkong'oto mlango hadi mlango. Kapu lililochekesha likiwa limejaa sasa linachekesha likiwa tupu. Huo ndio uvumilivu wa kazi hii: kila kilichotumika kinarudishwa, na kila kinaporudi kimebadilika.

Ben Jonson alikuwa na tabia nyingine. Shakespeare anampenda hata anayemtumbukiza majini. Jonson anachunguza, anapima, anahesabu. Katika The Alchemist, iliyoigizwa mwaka 1610, tauni imeingia London. Mwenye nyumba mmoja amekimbilia mashambani na kumwachia mtumishi ufunguo. Mtumishi huyo, Face, anaungana na Subtle, anayejifanya mjuzi wa kugeuza madini duni kuwa dhahabu, na mwanamke aitwaye Doll Common. Wanaigeuza nyumba kuwa duka la ndoto. Mchezo unafunguka kwa ugomvi: Face na Subtle wanatukanana, kila mmoja akidai bila yeye mwenzake asingekuwa kitu, na Doll anawasuluhisha kwa nguvu. Kwa kugombana wanatwambia kila kitu tunachohitaji kukijua. Kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, sisi tayari tuko upande wa ndani wa mlango.

Kisha wanakuja wateja, na Jonson amewapanga kwa ukubwa wa tamaa. Karani wa mwanasheria anataka jini mdogo wa kumsaidia kushinda kamari. Muuza tumbaku anataka kuambiwa kwa elimu ya nyota mlango wa duka lake jipya uelekee wapi na rafu zikae vipi. Msomaji wa pwani aliyewahi kusikia mtu akipigiwa ramli kabla ya kufungua biashara atamtambua mara moja. Watu wa dini kali wanataka dhahabu kwa ajili ya dhehebu lao, na wanaumiza vichwa kutafuta hoja ya kuhalalisha kutengeneza fedha. Juu yao wote yuko Sir Epicure Mammon, anayetaka jiwe la kugeuza kila kitu kuwa dhahabu, kufuta tauni na kumrudishia mzee ujana.

Ukimsikiliza Mammon unagundua jambo kubwa. Walaghai hawamwambii mengi. Yeye ndiye anayesema. Anaingia akiwa tayari anatumia utajiri ambao hajaupata, anataja vyakula atakavyokula na vitanda atakavyolalia, na kila sentensi inaipita ya kabla yake. Jonson amempa lugha ya fahari kweli kweli, si ya kipumbavu, hata mtazamaji anaanza kuionja dhahabu hiyo mdomoni. Hapo ndipo kicheko kinapotugusa na sisi. Mliwa wa Jonson hashindwi kwa kukosa akili. Ana akili nyingi, na zote amezitia kazini kujenga kile anachokitamani.

Tazama pia walaghai wanavyoikinga hila yao isianguke juu yao. Subtle amesisitiza tangu mwanzo kwamba jiwe hutokea kwa mtu safi wa moyo tu. Mammon anamtamani Doll, anaachwa naye faraghani, na mara tanuru linalipuka nyuma ya jukwaa. Kazi yote imeharibika, na nani mwenye kosa? Mammon mwenyewe, kwa uchafu wa nia yake. Anaomboleza dhambi zake, halaumu mtu. Mganga wa uongo anayempa mteja miiko mingi isiyotimizika anaijua mbinu hii. Wanaijua pia watu wa wash wash wa Nairobi, wanaoonyesha karatasi nyeusi na chupa ya dawa na kuahidi kuziosha ziwe dola: dawa ikiisha, aliyekosea ni mteja aliyeleta fedha kidogo. Jonson aliandika kabla yao kwa karne nne, na hajaachwa nyuma na lolote wanalolifanya.

Yule karani wa kamari ndiye kipande cha ufundi ninachokirudia zaidi. Ameambiwa kwamba Malkia wa mazimwi ni shangazi yake na kwamba lazima aandaliwe kabla ya kumwona. Amefungwa macho, amezibwa mdomo kwa mkate wa tangawizi, amefungiwa chooni. Kisha wanabisha wateja wengine, mambo yanakimbia, na anasahauliwa. Anasahauliwa na walaghai, na sisi tunamsahau. Baada ya muda mrefu sauti inatoka chooni: mkate umeyeyuka mdomoni. Ukumbi unaangua kicheko kwa sababu kila mtu ameshikwa na kosa lile lile. Na yeye anatolewa, anaonyeshwa "shangazi" yake, ambaye ni Doll, anashukuru, anaondoka na furaha tele. Kati ya wote walioliwa, huyu pekee amepata alichokuja kukitafuta.

Yuko pia Surly, rafiki ya Mammon, ambaye haamini tangu mwanzo. Anajigeuza Mhispania, anaingia, anajionea, anawafichua. Anachokipata ni kufukuzwa, na wanaomfukuza ni wateja wenyewe, wamejipanga upande wa walaghai kumtoa nje. Wajinga ndio waliwao, lakini Jonson anaongeza kwamba wakati mwingine wao ndio askari wa anayewala. Mtu akigharimia ndoto kwa fedha yake, humchukia anayemwamsha.

Ufundi huu uliingia Kiswahilini kwa njia zinazojulikana. Katika miaka ya 1950 wanafunzi wa Alliance High School, shule iliyokuwa na desturi ya kuigiza Shakespeare, waliandika tamthilia zao kwa Kiswahili; mojawapo, Nakupenda, Lakini... ya Henry Kuria, ilichapishwa mwaka 1957. Mwaka huo huo zilitoka tamthilia mbili fupi za Graham Hyslop, Mwingereza, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Hyslop alikuwa pia mtu wa muziki. Alipoteuliwa pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi kuitayarishia Kenya wimbo wa taifa mwaka 1963, lahani waliyoichagua ilikuwa ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Mmoja wa watu waliovipa vichekesho vya Kiswahili sura ya kitabu alisikiliza kwa makini sauti ya Mto Tana, na taifa zima likaisimamia wima.

Baadaye runinga ya taifa ilitupa Vioja Mahakamani, ambamo kizimba cha mahakama kikawa jukwaa la uongo na mshtakiwa akajifunga kwa ulimi wake. Mmoja wa wahusika wake aliitwa Tamaa bin Tamaa. Jonson angelifurahia jina hilo, kwani yeye naye aliwabatiza watu wake kwa maradhi yao: katika mchezo wake mwingine, tajiri Volpone ni mbweha, na warithi watatu wanaouzunguka utajiri wake kila mmoja amepewa jina la ndege mla mizoga.

Kisha ukaja mwaka 2012. Katika tamasha la ukumbi wa Globe, London, lililokusanya tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, Kenya ilikwenda na Wanawake wa Heri wa Winsa. Tafsiri ilikuwa ya Ogutu Muraya, na Falstaff alikuwa Mrisho Mpoto, msanii wa ngonjera na ghani kutoka Tanzania. Wengi waliosimama uwanjani hawakujua Kiswahili, na skrini ziliwapa muhtasari wa kila onyesho tu, si maneno. Mchezo ukaeleweka. Barua mbili zinazofanana hazihitaji mkalimani. Wala mume anayepekua kapu tupu. Hapo ndipo unapoona kiunzi cha kazi hii kilivyo imara: ukiyaondoa maneno ya Shakespeare yote, hila inabaki imesimama kwa miguu yake.

Mwaka huo huo wa 2012, kuanzia Agosti, delta ya Tana ilikuwa ikizika watu wake. Mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, yaliyoendelea hadi mwanzoni mwa mwaka 2013, yaliua zaidi ya watu 100. Sitayapunguza mauaji hayo yakawa hadithi. Ardhi, maji, malisho, na malka ambazo mifugo hupitia kufika mtoni ni mambo halisi, na migongano juu yake ni ya miaka mingi. Lakini uchaguzi ulikuwa unakaribia, na walikuwepo waliosema wazi kwamba uchochezi wa kisiasa ulitia mkono. Mtu aliyelelewa na hadithi ya kamba hawezi kuyatazama mambo hayo bila kuuliza swali ambalo msimulizi alimfundisha utotoni. Wa mtoni anavuta, wa nyikani anavuta, wote wawili wanavuja jasho na damu. Je, nani amekaa kichakani?

Kwa hiyo naamini vichekesho vya walaghai si starehe ya kupitisha jioni peke yake. Vinamkalisha mtazamaji mahali ambapo maishani ni shida kupafikia, pale ncha zote mbili zinapoonekana. Saa mbili nzima anazoea kuona vitu viwili kwa pamoja: anachoahidiwa mtu, na tamaa iliyomfanya aamini. Anajifunza kumshuku anayekuja na ahadi tamu kwa siri, na kumsikiliza Surly kabla hajafukuzwa. Na Shakespeare anampa dawa pia, dawa nyepesi kupita kiasi: majirani wawili waliopokea maneno matamu kila mmoja kwa wakati wake wanakutana na kuonyeshana barua.

Mabingwa hawa hawakukubaliana namna ya kumaliza. Jonson katika Volpone anawapeleka walaghai mahakamani na kuwahukumu vikali. Katika The Alchemist mwenye nyumba anarudi, Face anamkabidhi mali waliyoikusanya na mjane tajiri wa kuoa, na anasamehewa kwa kuwa ameuchangamsha moyo wa bwana wake; wateja wanaondoka mikono mitupu. Shakespeare anampeleka Falstaff msituni usiku wa manane, amevikwa pembe kichwani, anafinywa na kuchomwa kwa mishumaa na watoto waliojifanya mazimwi. Lakini usiku huo huo Bwana Page na Bi Page, ambao kila mmoja alipanga kwa siri kumwoza binti yao kwa mtu wa chaguo lake, wanakuta binti ameshaolewa na ampendaye. Waliotega wameteguliwa. Basi Bi Page anawaalika wote nyumbani wakacheke kando ya moto, na Sir John akiwemo. Mimi ninauheshimu mwisho huu kuliko mingine, kwa sababu mji huo utaamka kesho na watu wale wale, na lazima waishi pamoja.

Ningependa michezo hii iigizwe Garsen, na Hola, na Tarasaa, katika shule ambazo tayari zina vijana wanaofanya mazoezi ya tamasha la drama kila mwaka. Mwalimu asianze na Falstaff wala na kapu. Hayo yatawajia wenyewe. Aanze na onyesho la barua. Linahitaji wasichana wawili na karatasi mbili. Mmoja asome peke yake, taratibu, ukumbi uone uso wake ukibadilika. Wa pili aingie. Asiwaruhusu waharakishe kulinganisha: mstari mmoja, kisha wa pili, macho yakihama toka karatasi hii hadi ile, mpaka wote wawili wafike kwenye jina, mahali pekee barua zinapotofautiana. Wakilimudu hilo, wameumudu mchezo mzima.